Uliza Mama: Kazi imekwisha, na Jumamosi jumuiya inasali kwangu

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, naishi Mikanjuni hapa Tanga na mke na watoto watatu. Kwa miaka tisa nilikuwa mtunza stoo wa kampuni moja ya hapa mjini. Mwezi huu tuliitwa ofisini watu kumi na wanne, tukapewa barua kwamba biashara imeshuka na kazi inaishia siku ile ile. Mke wangu sijamwambia. Kila asubuhi naoga, navaa shati la kazi, nachukua baiskeli yangu hadi Raskazone, nakaa chini ya mti natazama meli mpaka saa tisa, kisha narudi nyumbani. Nachoka kuliko nilivyokuwa nachoka stoo.

Mimi ndiye mweka hazina wa jumuiya yetu. Jumamosi ya wiki ijayo zamu ya kusalia iko kwangu na watu watanywa chai. Kwenye kisanduku kulikuwa na shilingi 86,000. Nimechukua 24,000 nikajaza mtungi wa gesi, nikajiambia nitarudisha. Ibadani siendi, kwa sababu bahasha yangu ya ahadi haina kitu. Nikifungua Biblia nakutana na 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Nasali, lakini naona sala zinaishia batini. Nimemkosea nini Mungu?
Baba wa watatu, Mikanjuni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uliacha namba ya simu, nami nilikupigia usiku ule ule niliposoma barua yako, maana ndani yake kuna jambo lisilosubiri gazeti litoke. Nalirudia hapa kwa ajili ya wenzako kumi na watatu.

Mfanyakazi anayeona ameachishwa kinyume cha utaratibu ana siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Siku zinahesabiwa, ziwe za huzuni au za kufunga na kuomba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao juu ya nani atoke na kwa vigezo gani. Kuitwa asubuhi na kupewa barua mchana si kushauriana. Tena hata kama kupunguzwa kwenyewe kulikuwa halali, una vyako: mshahara wa siku ulizofanya, malipo ya likizo usiyochukua, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi au fedha badala yake, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Kwa miaka yako 9 hizo ni siku 63. Dai na cheti cha utumishi. Usiondoke bila hicho. Kisha nenda NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, uulize fao la kukosa ajira. Aliyechangia miezi 18 au zaidi, na kazi haikuisha kwa yeye kuacha mwenyewe, analipwa kama theluthi ya mshahara wake kwa miezi 6. Si nyingi, ila unga unanunulika.

Kwenye simu uliniambia mzee mmoja wa usharika amekushauri uache, kwamba Mkristo hashitaki, anamwachia Bwana. Msalimie. Mwambie mtume Paulo alipoona haki yake inachezewa mbele ya Festo alisema waziwazi, "Nataka rufani kwa Kaisari." Hatusomi kwamba siku hiyo aliacha kusali.

Sasa lile uliloniuliza, umemkosea nini Mungu. Katika barua yako nzima sioni ulipokosea hata ukakosa kazi. La kisanduku ni lingine, na lilikuja baadaye, nitalifikia.

Mimi ni mtoto wa manamba. Baba yangu aliletwa kukata mkonge, nasi tukazaliwa kambini. Mkonge wenyewe ulifika pwani hii mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche na ikasalimika 62 tu, na kutoka hiyo 62 mkoa huu ukaota mashamba yasiyoisha machoni. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za nyuzi. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa, usimamizi ukalegea, na ilipofika miaka ya 1990 hata moja ya tano ya kile cha zamani hatukuifikia. Kambi nzima zilibaki bila kazi. Watu wale niliwafahamu. Walikuwa wanaimba kwaya, wanafunga Kwaresima, wanabatiza watoto. Aliyewatoa kazini ni kamba ya plastiki. Sijasikia mchungaji hata mmoja wa siku zile akisimama mimbarani kuwaambia imani yao ilikuwa na tundu. Siku hizi wapo wanaosema hivyo, tena kwa vipaza sauti, na mimi huzima redio.

Mstari wa Timotheo usome na jirani zake. Sura ile ya tano inazungumza juu ya wajane. Kulikuwa na watu wenye uwezo waliowasukumia kanisa mama zao na bibi zao liwalishe, wao wakiwa na chakula ndani. Paulo anawasema hao. Mtu aliyeamka kila siku kwa miaka tisa kwenda kuhesabu magunia ya wengine ili wanawe wale, leo geti limefungwa, hakuandikiwa mstari ule.

Kama unataka mstari wako, fungua Mathayo 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka saa kumi na moja, jioni, jua limeshaegemea, anakuta watu wamesimama sokoni. Anawauliza, "Mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi?" Wanajibu, "Kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri." Basi. Hakuwatafutia laana ya ukoo, wala hakuwauliza kama wanalipa zaka. Alikubali jibu lao, akawapa kazi, na mwisho akawapa dinari nzima kwa sababu matumbo yao na ya watoto wao yalikuwa ya siku nzima, si ya saa moja. Lakini angalia pia walikuwa wamesimama wapi. Sokoni, mahali pa kuonekana. Wewe umesimama Raskazone unapoonwa na meli tu.

Ndiyo maana nakwambia, kabla ya sala yoyote ya kufungua milango, mwambie mke wako. Leo, watoto wakishalala. Mwonyeshe barua aisome mwenyewe. Atakasirika, na nadhani hasira yake itakuwa ya zile asubuhi za shati lililopigwa pasi kuliko ya kazi. Kwenye simu ulisema anashona. Mwanamke mwenye cherehani anajua mwezi upi wateja wanakuja na upi hawaji. Anajua kuishi na fedha isiyo na tarehe kuliko wewe uliyezoea ya mwisho wa mwezi. Umeinyima nyumba yako mshauri wake mzuri kwa sababu ya aibu.

Kisanduku. Hapa sibembelezi. Shilingi 24,000 ni chache, lakini mtu asiye na kipato haachiwi kisanduku cha watu, na wewe hutakiwi kujiachia. Kesho mpelekee mwenyekiti wa jumuiya 62,000 zilizobaki, daftari na ufunguo. Mwambie: nimepoteza kazi, nimetumia 24,000 kwa gesi, nitazirudisha kwa awamu hizi, naomba mwingine ashike. Utatetemeka. Ukingoja zifike 86,000 huo utakuwa wizi wenye jina na kesi, na watoto wako watausikia shuleni. Mwenyekiti wako akiwa mtu mzima atakaa kimya kidogo, kisha atauliza kama mmekula.

Na jumuiya isikwepe nyumba yako. Waje Jumamosi hiyo hiyo. Chai ya mchaichai haina gharama, sukari kidogo, mihogo ya kuchemsha inatosha. Ikija zamu ya maombi, useme mwenyewe kwa kinywa chako: naombeni mniombee, sina kazi, na anayejua stoo inayohitaji mtu aniambie. Usimwachie kiongozi aseme kwa mafumbo kwamba "kuna ndugu yetu anapitia." Katika sebule hiyo huenda kuna dereva, karani, mwalimu, mama wa duka la vifaa vya ujenzi, hawa ndio wanaosikia kazi kabla haijatangazwa. Nimeona watu wakisali kwa kilio mwaka mzima wapate ajira huku waliokaa nao mkeka mmoja hawajui kama wameachishwa.

Wewe ni Mlutheri kama mimi, kwa hiyo ulipokuwa kipaimara ulikariri Katekisimo Ndogo. Pale tunaposali tupewe mkate wetu wa kila siku, Luther anauliza mkate huo ni nini, na anajibu kwa orodha ndefu: chakula, nguo, viatu, nyumba, shamba, fedha, mwenzi mwema, serikali nzuri, hali ya hewa, afya, na karibu na mwisho kabisa, marafiki wema na majirani waaminifu. Nilikariri hayo nikiwa msichana ili nisichapwe. Nilikuja kuyaelewa mwaka 1994.

Mwaka huo mimi na mume wangu tulipunguzwa pamoja kwenye kiwanda kimoja hapa Tanga, mimi karani wa mishahara, yeye fundi mitambo. Nyumba moja, mishahara miwili, yote siku moja. Tulikaa chumba cha kupanga Ngamiani, na ukuta mmoja tuliutumia pamoja na familia ya Kiislamu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mama wa ile nyumba alisikia kwamba jiko letu halina mlio. Jua lilipozama mtoto wake akabisha hodi na bakuli lililofunikwa kawa, mihogo ya nazi na samaki. Kesho yake tena. Hakuuliza neno, na mimi nilirudisha bakuli likiwa limeoshwa, hata siku moja nikaweka ndimu tatu ndani kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo. Mume wangu ndiye aliyesema mezani, tunasali "utupe leo" tukitazama juu, kumbe mkate uko nyuma ya ukuta. Alikuwa mtu wa maneno machache, hilo lilimtoka. Tangu hapo nikisikia mahubiri ya riziki yasiyomtaja jirani, naona mhubiri ameruka ukurasa.

Ibadani rudi Jumapili hii. Bahasha iache nyumbani kama haina kitu. Mwone mchungaji, mwambie ahadi yako ya mwaka huu imebadilika. Yeye si mkusanya kodi, na akijifanya mkusanya kodi mwandikie mkuu wa jimbo.

Kuhusu sala kuishia batini, jaribu kusali kwa Zaburi ya 13, kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Imo ndani ya Biblia, kwa hiyo hutukani. Miezi ile sala zangu hazikuwa nzuri. Zilikuwa lawama, nyingine nusu sentensi, nyingine usingizi. Eliya naye alipochoka alilala chini ya mti na kuomba afe. Malaika hakumhubiria, alimpikia mkate, akamwacha alale tena. Kwa hiyo kula na ulale kwanza. Kisha amka saa ile ile uliyokuwa unaamkia kazini, baiskeli uipeleke kwenye mageti, maghala, maduka ya jumla, ukiwa na cheti cha utumishi mkononi, na kibarua cha siku mbili ukikipata ukichukue. Niandikie CMA wamesema nini.

SWALI: Shalom Mama. Mume wangu hana kazi tangu mwaka jana. Kuna mtumishi anakuja kusalisha karibu na kwetu Pongwe, amesema nyumba yetu ina kifungo na nitoe mbegu ya shilingi 200,000 ndipo ajira ifunguke. Ametusomea habari za mjane wa Sarepta. Wiki hii napokea fedha za mchezo wetu wa upatu, 300,000. Mume wangu anasema nisitoe, mimi naogopa kuzuia baraka.
Mama wawili, Pongwe

JIBU: Usitoe.

Nilitaka niishie hapo, ila najua atarudi na Biblia, basi nawe uwe nayo. Habari ya Sarepta iko 1 Wafalme 17. Ni kweli Eliya aliomba andazi kwanza. Msome mpaka mstari wa 15: yule mama, Eliya na nyumba yake wakala siku nyingi. Nabii hakuondoka na unga. Alibaki nyumba ile ile wakati wa njaa ile ile, akila pipa lile lile, na mtoto wa mama alipokufa alikuwepo. Mwambie mtumishi wako ahamie Pongwe, ale mnachokula mpaka mume wako apate kazi, ndipo mzungumze habari za mjane.

Kutoa ni kuzuri na mimi natoa. Lakini Paulo aliwaandikia Wakorintho, barua ya pili, sura ya 8, kwamba nia ikiwepo mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Na katika Walawi, aliyeshindwa mwana-kondoo alileta hua wawili, aliyeshindwa hua alileta unga kidogo, na kuhani alipokea. Hakuna aliyeambiwa akakope kondoo. Na wewe hizo 300,000 si zako zote, mama. Za mchezo ni deni kwa wenzako ambao hawajapokea. Lipa ada, nunua mchele wa mwezi, kinachobaki mkae wewe na baba muone kama kinaanzisha kitu. Huyo mume asiye na kazi amesema neno la busara kuliko msalishaji. Mwambie nimesema hivyo, litamsaidia.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina miaka 24, nimemaliza shahada ya ualimu, masomo ya Kiswahili na historia. Naomba kazi kwenye mfumo wa ajira za serikali, sijaitwa. Mama yangu anakaanga samaki Sahare na anataka nimsaidie, ikiwezekana nifungue meza yangu. Rafiki zangu wa fellowship wanasema nikikubali nitakuwa nimeshusha imani, maana nilimwomba Mungu ualimu. Nifanye nini?
Mwalimu bila darasa, Sahare

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hao rafiki zako wanakula wapi? Nauliza tu, maana wenye mawazo ya namna hiyo mara nyingi wanapikiwa.

Paulo, msomi wa miguuni pa Gamalieli, alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila akashona nao mahema, na siku ya Sabato alikuwa sinagogi akihojiana na watu. Hakungoja kazi moja iishe ndipo aanze nyingine. Endelea kuomba ualimu, kila tangazo likitoka ujaze, vyeti viwe tayari vimethibitishwa. Tafuta watoto watano wa mtaani uwafundishe jioni kwa ada ndogo, mkono usisahau chaki.

Na samaki uza. Lakini usiingie kwa mama kama mgeni aliyeshuka hadhi. Yeye ni mhitimu wa fani hiyo na wewe uko mwaka wa kwanza. Nenda naye soko la samaki la Deep Sea alfajiri, ujifunze kwa nini anaacha vibua hawa anachukua wale, anajuaje bei itashuka saa tatu, mafuta yanabadilishwa lini. Anza na ndoo moja. Hapo shahada yako ina kazi, kwa sababu akina mama wengi wanakaanga vizuri na hawaandiki. Nunua daftari, ulichonunua upande huu, ulichouza upande ule, na fedha ya mtaji isiguse ya nauli. Mkiwa wasichana kadhaa wenye kitu kinachoeleweka, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri habari za mikopo ya vikundi. Asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, na haina riba. Ila msikope kabla hamjaona daftari linasema faida miezi mitatu mfululizo.

Rafiki zako wa fellowship wakija mezani wakikuita dada katika Bwana, wauzie kwa fedha taslimu.